Wanane Walirudi, Jozi Moja ya Viatu Ikabaki

Nimestaafu. Sijui kama neno hilo linamfaa mtu aliyeanza kazi kwa kufua suti za mpira, lakini Salma anasema linafaa, na Salma ndiye anayeshika ubao wangu wa safari sasa, basi nalitumia. Yeye ndiye aliyenisumbua niandike. Alisema, "Mama, ukiondoka na hayo yote kichwani, sisi tutamuuliza nani?" Nikamwambia mimi ni wa darasa la saba na mwandiko wangu hupanda mlima. Akasema watausoma hivyo hivyo huku wameinamisha shingo. Kwa hiyo naandika, hapa Mungaa, mezani kwa kaka yangu, kwenye daftari la mistari mikubwa. Mtakapoona nimekosea, na mtaona, sahihisheni kwa penseli.

Kwanza niwaambie shida ya kustaafu mahali ambapo kazi yako haijulikani. Juzi nilikwenda gulioni Issuna na wifi yangu. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, akaniuliza huko pwani nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo.

"Shikamoo, baba. Nilikuwa nawapangia wageni kuzama baharini."

Akafikiri kidogo. "Wamefanya kosa gani?"

"Hawana kosa, baba. Wanapenda wenyewe."

"Na wanarudi?"

"Wanarudi wote."

"Basi huko si kuzama," akasema, "huko ni kuoga."

Wifi yangu alicheka mpaka tulipofika nyumbani. Mimi nilibaki na lile jibu langu. Wanarudi wote. Ni kweli, katika miaka yangu wamerudi wote. Lakini ipo siku moja ambayo kwa muda wa kama nusu saa sikujua kama ningeweza tena kuyasema maneno hayo mbele ya mtu, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Nitafika huko. Nikianza na siku hiyo mtadhani kazi yote ilikuwa hivyo, na haikuwa. Kazi ilikuwa nzuri.

Kwa wale ambao daftari hili litawafikia kwa bahati mbaya, nieleze. Meli kubwa za matembezi, zile zinazozunguka bahari za joto na watu waliokuja likizo, hutia nanga kwetu Unguja asubuhi na kuondoka jioni. Ndani yake hawakosi wageni wanaotaka kuzamia, mtungi wa hewa mgongoni, wakaone matumbawe na samaki. Wana siku hiyo moja tu. Kazi yangu ilikuwa kuipanga siku moja itoshe mizamo miwili, chakula, chai na kurudi melini kabla haijaondoka. Mimi mwenyewe nilizamia mara moja, mita tatu. Nilimwona samaki mmoja, naye aliniona, tukaachana. Masikio yangu ni ya bara.

Siku ya kwanza kazini, kwenye kituo chetu cha kuzamia, nilifika mapema kuliko wote, kwa uoga. Stoo ilikuwa wazi nikaingia. Kulikuwa na giza kidogo, na ukutani nikaona watu weusi kama kumi na tano wamesimama kimya, mabega yamelegea, wananitazama. Nikapiga goti nusu, kama nilivyolelewa. "Shikamooni."

Hawakuitikia. Nikafikiri labda watu wa pwani ndivyo walivyo. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Shikamooni, wazee wangu."

Kutoka nyuma ya mitungi sauti ikajibu, "Marahaba. Hao hawaitikii, wamelowa."

Zilikuwa suti za mpira zimetundikwa zikauke. Na aliyejibu alikuwa Bwana Kombo, mpangaji wa safari za kuzamia, mtu wa Pemba, mfupi, mwenye penseli sikioni ambayo nadhani alilala nayo. Habari hiyo ilifika jikoni kabla yangu. Kwa miaka mingi nahodha wetu Vuai hakuingia stoo bila kuziamkia suti kwanza.

Jinsi nilivyotoka kwenye kufua nikafika kwenye ubao sitaeleza, haitawasaidia. Nitasema tu kwamba Bwana Kombo alinifundisha, na hakuwa mwalimu mpole. Akikuuliza swali na ukasema "nadhani", alikuwa anakwenda kunywa kahawa na kukuacha hapo usimame mpaka ujue.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuipanga siku kuanzia mwisho wake. Watu wengi huanza na asubuhi: wageni wanafika saa tatu, tutakwenda hapa, kisha pale. Bwana Kombo alikuwa anafuta. "Meli inaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Anza hapo. Rudi nyuma."

Basi narudi nyuma. Boti ya mwisho ya kuwapeleka melini ni saa kumi. Wawe gatini saa tisa na nusu. Gari ni nusu saa, na unaongeza nusu saa nyingine ya mbuzi barabarani, kwa hiyo watoke pwani kwetu saa nane na nusu. Kuoga na chai, dakika arobaini. Safari ya kutoka kwenye miamba, dakika arobaini. Kwa hiyo mzamo wa pili uwe umekwisha saa saba. Ulianza saa sita na robo. Kabla yake wamepumzika juu ya maji saa nzima, kwa sababu mwili una hewa ya ziada inayotakiwa kutoka polepole. Kwa hiyo mzamo wa kwanza uliisha saa tano na robo, na ulianza saa nne na nusu. Ukifika hapo ndipo unajua kwamba meli ikichelewa kushusha watu kwa saa moja tu, mzamo wa pili umekufa, na unawaambia wageni asubuhi hiyo hiyo, wakiwa bado na furaha ya kuanza. Ukiwaambia saa sita watakuchukia. Hesabu zangu zirudieni, huenda nimeteleza dakika tano mahali.

Mengine mnayajua lakini nayaandika. Mzamo wa kina kirefu uwe wa kwanza, wa kina kifupi ufuate. Wakipanda kurudi juu wasimame kwanza mita tano chini ya maji kwa dakika tatu, hata kama wanaona hawana haja. Kitabu cha maji kupwa na kujaa kisomwe kabla ya kutaja mahali popote, maana siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukimbia na mgeni hashindani nayo. Mtungi kabla haujapanda botini, fungua kidogo unuse. Hewa nzuri haina harufu. Ikinuka mafuta au moshi, mtungi unabaki, hata mgeni awe amekwishavaa. Na anayemaliza safari yake kwetu akapande ndege kesho asubuhi, huyo hazamii kabisa, maana angani ile hewa ya ziada huwa hatari. Kuna bwana harusi mmoja alinililia kwa jambo hilo, machozi kabisa. Nilimpa miwani na mrija, akaelea juu juu na mkewe. Jioni alisema ilikuwa bora zaidi. Sina hakika kama alisema kweli au alikuwa ananifutia aibu.

Kilichonisumbua sana mwanzoni ni wazee. Kwetu mtoto hamhoji mtu mzima habari za mwili wake. Sasa fomu ya afya inauliza moyo, mapafu, masikio, kila kitu. Alikuja mzee mmoja mnene mwenye ndevu nyeupe. Kadi yake ya uzamiaji ilikuwa ya zamani mpaka picha ina nywele nyeusi, na mahali pa moyo kwenye fomu aliacha wazi. Niliiona nafasi ile, nikashindwa kuuliza. Nikamwendea Bwana Kombo.

"Umemwamkia?" akaniuliza.

"Nimemwamkia."

"Umemwambia hapana?"

"Naanzaje?"

Akaichukua fomu, akaenda mpaka kwa yule mzee, akainama kidogo na mkono kifuani. "Shikamoo, mzee," akamwambia kwa Kiswahili. Mzee hakuelewa neno ila alifurahi. Kisha Bwana Kombo akaweka kidole kwenye ile nafasi wazi na kusema, kwa Kiingereza safi, kwamba bila karatasi ya daktari leo haendi chini. Aliporudi akaniambia, "Shikamoo, halafu hapana. Ukizitenganisha ndipo matatizo yanaanza." Nimetumia njia hiyo kazi yangu yote. Ingawa, kuwa mkweli, yule mzee hakufurahi mpaka mwisho, na huenda alikuwa mzima kuliko mimi. Hilo sitalijua.

Sasa nije kwenye kuhesabu.

Bwana Kombo alikuwa na duara mbili pembeni mwa ubao. Ya kwanza ni waliotoka. Ya pili ni waliorudi. Boti ikiwa baharini, Vuai anaita kwenye redio, "Wanane chini," naandika nane. Akiita, "Wanane juu," naandika nane ya pili. Zikilingana, weka maji ya chai motoni. Ni utaratibu mzuri na sitaki mtu aseme nimeudharau. Bwana Kombo aliwarudisha watu kwa utaratibu huo kabla mimi sijaiona bahari.

Lakini mimi nimelelewa vingine. Nyumbani kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, wala watoto. Unawajua. Jioni unasimama mlangoni mwa zizi, wanapita, na unamwona kila mmoja: yule wa pembe moja, yule mwekundu mwenye baka machoni, ndama wa yule mkorofi. Nilipokuwa na miaka kama tisa, baba alinituma kuwanywesha. Nilikuwa nimetoka kujifunza hesabu shuleni na nilikuwa najiona, nikawahesabu bwawani, kumi na mmoja, nikawarudisha, kumi na mmoja. Baba alikuwa mlangoni. Alipopita wa saba akauliza, "Huyu nani?"

Alikuwa ng'ombe wa jirani. Wetu, mweusi mmoja mpole asiyekuwa na makuu, alikuwa amebaki bwawani na kundi la watu wengine.

"Lakini wametimia, baba. Kumi na mmoja."

"Umeleta idadi," akasema. "Ng'ombe hujaleta." Akachukua fimbo akaenda mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, nilipokabidhiwa ubao, pembeni mwa jina la kila mgeni nilikuwa naandika alama yake kwa Kiswahili. Mapezi ya njano miguuni. Anacheka kwa pua. Mrefu, anaogopa lakini hasemi. Bwana Kombo alinitania, "Dada Eliza, hawa ni wageni, si ng'ombe wa baba'ko." Lakini aliniacha. Mpaka siku alipokuja mgeni mmoja aliyewahi kufundisha huku kwetu bara, akausoma ubao wote kwa sauti. Alipofika kwenye jina lake alisoma taratibu, "Tumbo mbele, shingo hana." Akajishika shingo. Alicheka, Mungu ambariki. Mimi sikucheka. Meneja naye hakucheka. Tangu siku hiyo nilifuta alama, nikabaki na majina na duara mbili kama watu wengine. Nilijiambia hizo zilikuwa tabia za kijijini na sasa nimekuwa mtu wa kazi.

Miaka ikapita. Bwana Kombo akarudi Pemba kwenye mikarafuu yake, mimi nikabaki peke yangu na ubao.

Siku ninayoisema tulikuwa na wageni wanane wa meli. Saba walikuwa kundi moja, marafiki, wenye kelele. Wa nane alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mkimya, nimwite Bibi Greta. Alikuwa peke yake kwa sababu mumewe anaugua bahari, jambo ambalo mtu angelifikiria kabla ya kuchagua likizo ya meli. Karatasi yake ya daktari ilikuwa safi. Nilipokuwa nampimia mapezi, ya rangi ya chungwa, aliniuliza kwetu ni wapi. Ni yeye peke yake aliyeuliza siku hiyo.

"Singida."

"Kuna bahari huko?"

Kiingereza changu ni cha mitungi na mapezi, lakini hilo niliweza. "Hakuna. Kuna alizeti."

Akacheka. Akavua viatu vyake, raba ndogo nyeupe za turubai, akakunja soksi akaziweka ndani, akavisukuma viatu chini ya benchi vikae sambamba. Nikafikiri, huyu ni mtu wangu. Kisha nikaandika nane kwenye duara nikaendelea na kazi.

Mzamo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, boti ya kituo cha jirani ilikuwa imefungwa karibu na yetu, kwenye miamba ile ile. Boti zenyewe zinafanana, rangi moja, turubai moja. Wakati watu wako mita tano wanasubiri dakika zao tatu, mvua kubwa ya ghafla ikapita juu yao. Chini kukawa na giza, makundi mawili yakakaribiana. Vuai siku hizo alikuwa ameacha unahodha anaongoza wazamiaji, na ndiye aliyekuwa mwenzi wa Bibi Greta chini ya maji. Mgeni mwingine hewa yake ilikuwa imepungua, Vuai akamshika mkono kumpandisha. Alipotoka juu, mvua inampiga usoni, watu wamejifunika mataulo mpaka kichwani, alihesabu vichwa botini. Akaniita.

"Wanane juu, Mama."

"Wazima?"

"Wazima. Wamelowa tu."

Nikaandika nane. Nikaweka maji motoni. Simlaumu Vuai. Ningekuwa mimi kwenye mvua ile ningehesabu na vivuli.

Boti ilifika kabla ya saa nane kidogo. Nilisimama ngazini kama siku zote, nikahesabu, nane. Nikagawa chai. Ikawa saa nane na robo, watu wanaoga, wanavaa, dereva amekwishawasha gari. Ndipo nilipomwona bwana mmoja mwenye mvi anazungukazunguka peku, anainama chini ya kila benchi.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Viatu vyangu."

Nikainama naye. Chini ya benchi la mwisho kulikuwa na jozi moja tu iliyobaki. Raba ndogo nyeupe, soksi ndani.

Nikazitazama raba. Nikamtazama yule bwana. Alikuwa na kikombe chetu mkononi, cha pili, na nilikuwa sijawahi kumwona maishani mwangu. Na nikaisikia sauti ya baba kama amesimama nyuma yangu: huyu nani?

Nikakaa kwenye benchi. Maji yalikuwa yameanza kupwa tangu saa saba na yalikuwa yanatoka nje, kuelekea mahali ambapo hakuna mwamba wala boti. Kama alikuwa amebaki kule, alikuwa amebaki zaidi ya saa moja. Mimi nilikuwa nimeikubali nane mara tatu: asubuhi, redioni, ngazini.

"Vuai," nikaita. "Bibi yuko wapi?"

"Anaoga."

"Wewe umemwona anaingia?"

Vuai alikimbia kwenye boti na nahodha akamfuata, nikasikia injini inawaka.

Mimi nilimrudia yule bwana. Koti lake la kuelea lilikuwa limetundikwa na mengine, na mgongoni lilikuwa na namba za kituo cha jirani. Hapo akili ikaanza kurudi. Nikapiga simu. Akapokea Hamadi, mpangaji wao, ambaye tulikuwa hatuelewani tangu alipochukua mahali petu pa kufungia boti.

"Hamadi, wageni wako wametimia?"

"Wametimia, dada. Kumi. Kwani vipi?"

"Si kweli. Mmoja wako yuko kwangu, anakunywa chai."

"Haiwezekani. Nimesema kumi. Nimehesabu mwenyewe."

"Hamadi, ndugu yangu, usinipe idadi. Nenda ukawatazame nyuso. Mmoja mmoja. Kuna bibi mwembamba, nywele fupi nyeupe, anaweza kuwa peku. Nenda na simu."

"Wako kwenye gari wanataka kuondoka."

"Nenda."

Nikasikia ndara zake kwenye kokoto. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nilishika zile raba mkononi nikawa nazisukuma zikae sambamba, kama vile zikikaa vizuri na mambo mengine yatakaa vizuri. Niliomba. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo baadaye sikuvitimiza vyote, na hilo nalo naliandika. Ule mlio wa injini ya Vuai ulikuwa umekwishapotea.

"Dada."

"Nipo."

"Mapezi ya bibi wako ni rangi gani?"

"Chungwa."

Hamadi akavuta pumzi. "Yuko hapa. Amekaa kiti cha nyuma, anakula ndizi. Miguu ameifunga taulo. Anasema alidhani mmebadilisha nahodha." Kisha, kwa sauti ya chini: "Anasema huyu wa sasa anaendesha vizuri zaidi."

Nililia. Kisha nikacheka. Kisha nikamwita Vuai kwenye redio arudi, na maneno ya bibi juu ya uendeshaji nikayafikisha kama yalivyo, kwa sababu nahodha wake alikuwa na haki ya kujua. Nahodha mwenyewe akaichukua redio, akasema, "Mwambieni kulikuwa na mawimbi."

Tulikutana gatini, gari letu na lao. Bwana mwenye mvi akapewa viatu vyake na Hamadi, akanirudishia kikombe ambacho alikuwa amekuja nacho njia nzima. Nami nikapiga goti nikamwekea Bibi Greta raba zake mbele ya miguu. Aliniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Hukunihesabu?"

Ningeweza kusema mvua. Ilikuwa kweli pia. Nikamwambia, "Nilikuhesabu, bibi. Mara tatu. Sikukutazama."

Akavaa soksi moja, kisha ya pili. Akasema kesho angemsimulia mumewe, leo hapana, maana mumewe tayari anaumwa. Akanishika bega akainuka, akapanda boti ya saa kumi. Nilimtazama mpaka alipoingia melini, na nilipomwona ameingia nilimtazama tena.

Jioni ile nilimweleza meneja yote, na sehemu yangu nikaiweka kwanza. Kwa haki yake, hakunifokea. Alisema vituo vyote viwili vilifanya kosa lile lile. Nikamwambia ndiyo, lakini mimi nilikuwa nimekwishalifanya nikiwa na miaka tisa. Nikaomba ruhusa ya kurudisha alama kwenye ubao. Akakubali kwa sharti kwamba shingo na matumbo yaachwe.

Tangu hapo ndivyo inavyokwenda, na ndiyo maana mnafanya hivyo, wale ambao mmekuwa mnajiuliza. Boti ikirudi, kiongozi haiti idadi peke yake. Anataja kila mtu kwa alama yake. Duara za Bwana Kombo zipo bado, msizifute, siku mkiwa na wageni ishirini hakuna kichwa kitakachobeba sura zote na idadi itakusaidia. Hamadi naye alianza kutaja. Huwa hasemi njia hiyo aliitoa wapi, nami sijamwuliza. Mahali pa kufungia boti hajarudisha.

Siwezi kusema kama njia hii ni bora kuliko zote. Sijasoma. Huenda huko duniani wana vyombo vinavyofanya haya vizuri zaidi, na vikifika kwenu vipokeeni.

Hapa Mungaa nimepewa kazi ndogo. Kaka yangu macho yamepungua, kwa hiyo jioni mimi ndiye ninayesimama mlangoni mwa zizi. Siku hizi ng'ombe ni sita tu, mtu yeyote angeweza kuwahesabu. Jana walikuwa hawajafika simu ikalia. Alikuwa Salma. Ilikuwa siku ya meli na boti ilikuwa imerudi muda si mrefu. Salma anazamia mwenyewe, tofauti na mimi, na jana ndiye aliyewaongoza.

"Shikamoo, Mama. Tumerudi wote."

Nilinyamaza.

Nikamsikia anacheka. "Haya. Bwana mwenye kipara anayeimba. Mke wake, hapendi picha. Mapacha wawili, mmoja ana kovu kidevuni. Mwalimu wa kike anayeuliza majina ya samaki. Mzee wa suti iliyopasuka goti, nimemwambia shikamoo halafu hapana, hakuzamia mzamo wa pili, yuko hapa kwenye kivuli."

Nikasubiri. Wa kwanza kati ya ng'ombe, yule mwenye pembe iliyopinda, akaanza kutokea njiani.

"Ndio hao, Mama. Wamekwisha."

"Hawajakwisha," nikamwambia. "Hujajitaja."

"Mimi?" akasema. "Mimi nipo, Mama. Nimevaa koti la mvua la Vuai, linanipwaya. Nimesimama karibu na ubao."

"Haya," nikasema. "Sasa wape chai."